Vidole vya Fundi Kioo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye cheti. Alikuwa Fundi Kioo, na jina hilo alilipata kwa sababu ya lipu yake. Akishamaliza ukuta, ungeweza kupitisha kiganja kutoka kona hadi kona usikwame popote. Jua la asubuhi likiupiga ukuta kutoka ubavuni, saa ambayo lipu za mafundi wengine huumbuka, ya kwake ilitulia kama maji kwenye beseni. Alitandika saruji kwa mwiko, akasawazisha kwa ubao, na mwisho kabisa alimalizia kwa vidole vitupu, macho kayafumba nusu, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Wenzake wakimuuliza kwa nini havai glovu, aliwajibu kwamba kupiga lipu na glovu ni sawa na kumbusu mkeo ukiwa umevaa helmeti.

Mke mwenyewe alikuwa mbali. Alikuwa muuguzi, na mtaa mzima ulimwita Sista. Miaka sita nyuma alipata kazi katika hospitali moja ng'ambo, kwa mkataba uliomruhusu kwenda peke yake. Alimwacha binti yao akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akamwacha mumewe na mwiko wake, na kabla ya kuondoka akamwita wifi yake, dada mkubwa wa fundi, aje kukaa nyumbani amlee mtoto. Katika miaka yote hiyo alirudi mara moja tu, kwa wiki mbili, zikaisha kabla hata hajamaliza kufungua mizigo.

Sasa mambo yalikuwa yamekaa sawa. Sista alikuwa amepata ukaazi wa kudumu, akaombea viza ya kuhamia kwa mume na mtoto. Ombi likalala maofisini mwaka wa kwanza, likalala wa pili, hadi siku moja ikaja barua: usaili ubalozini, wiki tisa kuanzia leo, mje na vitu hivi. Pasipoti, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, majibu ya daktari, na hati ya polisi kuthibitisha kwamba mwombaji hana rekodi ya uhalifu.

"Hiyo ya polisi ndiyo rahisi," fundi alimwambia dada yake. "Mimi nimeiba nini zaidi ya usingizi?"

Jumatatu alfajiri alikuwa wa tatu kwenye foleni ya polisi.

Chumba cha kuchukulia alama za vidole kilikuwa kidogo, kina meza moja, kompyuta moja, na kifaa chenye kioo kilichowaka mwanga wa kijani. Nyuma ya meza alikaa askari wa kike, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mwenye sura ya mtu ambaye kila uongo ameshausikia mara mbili. Fundi akamwamkia, akaweka kidole gumba cha kulia juu ya kioo kama alivyoelekezwa.

Mashine ikalia. Taa nyekundu.

"Futa kidole, uweke tena," alisema yule askari.

Nyekundu. Akaweka cha shahada, nyekundu. Cha kati, nyekundu. Wakaenda mkono wa kushoto, kidole kwa kidole, hadi kile cha mwisho, na mashine ikavikataa vyote kumi bila kusita. Askari akafuta kioo kwa kitambaa, akajaribu kidole chake mwenyewe, ikakubali mara moja. Akamrudisha fundi, ikakataa. Mwishowe akafungua droo, akatoa kidau cha wino mweusi wa zamani na karatasi nene, akamshika vidole kimoja kimoja akavibingirisha juu ya karatasi. Alipomaliza wakainama wote wawili kutazama. Palikuwa na madoa kumi meusi, laini, yamefanana kama matone ya oili chini ya gari bovu.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Napiga lipu, afande."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka wa thelathini na tatu huu."

Askari akavaa miwani, akavuta mkono wa fundi hadi dirishani, akaugeuzageuza. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa ngumu, nyeupe kidogo, inang'aa kama kokoto la mtoni. "Saruji imezila," alisema. "Saruji na chokaa. Hapa hapana kitu."

"Hapana kitu kivipi?"

"Alama. Huna alama."

Kwenye mlango uliokuwa wazi foleni ilikuwa inasikiliza. Jamaa mmoja akadakia, "Huyo akivunja benki hashikwi milele!" Watu wakacheka. Fundi naye akacheka ili asionekane mnyonge. Alivitazama vidole vyake. Mikono ile alidhani anaijua kuliko anavyoujua uso wake, na leo mtu aliyekutana naye dakika kumi zilizopita alikuwa anamweleza habari zake.

"Kwa hiyo, afande, mimi sipo?"

Kwa mara ya kwanza yule askari akatabasamu. "Upo, mbona unanizibia mwanga. Ila mashine haikujui, na bila mashine kukujua siwezi kuandika hati." Akamkunjia karatasi yake. "Sikiliza. Usishike saruji. Usishike chokaa, wala mchanga, wala sabuni ya unga. Paka mafuta asubuhi na jioni. Wiki sita, halafu uje."

"Ndiyo iweje?"

"Zitarudi."

"Zimeliwa, halafu zirudi?"

"Sina muda wa kukupa darasa, mzee, watu wanasubiri. Zitarudi."

Nyumbani dada yake aliposikia habari alicheka hadi akashika mbavu. "Miaka hamsini na moja nakwambia una mikono ya ovyo, leo serikali imethibitisha!" Kisha alipoona mdogo wake hacheki, akaenda kumletea chai. Jumapili, Sista alipopiga simu, fundi alimweleza kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

"Fundi," Sista alisema kwa ile sauti yake ya wodini, "mstari wa kidole haukai juu tu. Mzizi wake uko chini, ndani ya ngozi. Juu pakilika, chini panaotesha tena. Huyo afande anajua anachosema. Wewe tulia. Usiguse hata sufuria."

"Nitakaa kama bwana harusi?"

"Kaa kama mgonjwa wangu. Na mpe simu wifi yangu, nimpe maagizo, maana wewe nakujua."

Basi fundi akawa mgonjwa wa mikono. Kila asubuhi dada yake alimwekea maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akaloweka vidole robo saa, kisha binti yake akampaka mafuta ya mgando na kumvisha soksi mbili safi mikononi kabla hajaenda shule. Akishavishwa soksi hakuweza kufunga kifungo wala kushika kikombe. Majirani walipita kwa visingizio, mmoja kuomba chumvi, mwingine kuuliza saa, ili tu wamwone Fundi Kioo kakaa barazani na soksi mikononi kama bondia aliyepokonywa glovu. Aliwapungia soksi moja, wakaondoka wakicheka.

Shida haikuwa kuchekwa. Shida ilikuwa mikono yenyewe, ambayo haikujua kupumzika. Ilimwasha. Usingizini iliruka ikitandika saruji hewani. Mchana, akikaa sebuleni, macho yalimwenda ukutani na kuona ufa mwembamba kama unywele juu ya mlango, na vidole ndani ya soksi vikaanza kujikunja.

Siku ya kumi na moja binti alirudi kutoka shule na lenzi ya kukuzia aliyoazimwa na mwalimu wake wa biolojia. Wakakaa dirishani. Msichana akaukamata mkono wa baba yake, akaukagua kidole baada ya kidole, uso umekunjamana kwa umakini.

"Kuna nini?" aliuliza fundi.

"Hamna kitu, baba. Kama sahani."

Siku ya kumi na tano, hamna kitu. Ya kumi na nane, hamna kitu. Fundi akaanza kufa moyo, ingawa hakusema. Ndipo siku ya ishirini, binti akiwa ameshaanza kukirudisha kile kidole cha mwisho cha kushoto, ghafla akakivuta tena.

"Baba. Usitikisike."

Akampa lenzi aangalie mwenyewe. Fundi alihangaika kupata umbali mzuri, mara ukungu, mara kope zake mwenyewe, kisha pakatulia. Pembeni kabisa, karibu na ukucha, palikuwa na mistari minne. Ilikuwa myembamba kuliko kitu chochote alichowahi kukitazama, imepinda pamoja, imeachana kwa nafasi sawasawa, na hakuna hata mmoja uliomgusa mwenzake. Yeye aliyetumia maisha yake yote kuhangaika na kusawazisha alijua ugumu wa kupata nafasi sawa. Hakuna ubao ungeweza kufanya vile. Alikaa na lenzi hadi macho yakaanza kumtoka machozi, na asingeweza kusema kama ni kwa kukodoa.

"Nani anaichora?" alinong'ona.

Binti alifikiri anaulizwa swali la darasani. "Inajichora, baba."

Wiki hiyohiyo akaja mkandarasi.

Alikuwa mtu ambaye fundi alimfanyia kazi miaka mingi. Aliingia na michoro kwapani, hata salamu hazijaisha akaitandaza juu ya meza. Maktaba mpya ya mji. Na juu ya ukumbi wa kusomea, kuba. Si dari ya mteremko, si tao. Kuba la duara kamili, mita kumi na mbili kutoka ukingo hadi ukingo, na ndani yake lipu moja isiyo na kiungo.

Fundi aliitazama ile michoro kama mtu mwenye njaa anayesomewa orodha ya vyakula. Katika miaka thelathini na mitatu hakuwahi kupewa kuba.

"Siwezi," alisema, akanyanyua soksi zake mbili.

Mkandarasi alisikiliza kisa chote bila kucheka. "Basi utupe mdomo," alisema. "Twiga atapiga. Wewe simama chini useme."

Twiga alikuwa fundi mwenzake, mrefu kupita kiasi, mtu asiye na maneno mengi, ambaye kwa miaka kumi na sita alikuwa akipiga tabaka la pili na kumwachia Kioo la mwisho. Alikuwa hajawahi kulipiga la mwisho mbele ya watu.

Fundi aliingia ukumbini siku ya kwanza akiwa kaweka mikono mifukoni pamoja na soksi zake. Majukwaa ya mabomba yalijaa hadi juu. Katikati palisimamishwa mlingoti, na kwenye mlingoti ukafungwa ubao mkubwa uliokatwa kwa upinde wa kuba lenyewe, ukizunguka kama mshale wa saa ili kuonyesha wapi pamezidi na wapi pamepungua. Juu yake zege lilikuwa bado la kijivu, lina makovu ya mbao, na sauti za watu zilizunguka humo ndani na kuwarudia wenyewe.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa za taabu. Fundi alipiga kelele, "Vuta! Vuta kidogo!" na Twiga akauliza, "Kidogo kiasi gani?" Fundi akatoa soksi mfukoni kumwonyesha, akairudisha. Hakuwahi kulazimika kujua. Mkono wake ndio uliokuwa unajua, na mkono haukuwahi kumwambia. Alirudi nyumbani amechoka kuliko siku aliyopandisha ghorofa nne, akakaa barazani akiongea peke yake, akiyatafutia maneno mambo ambayo alikuwa ameyafanya mara elfu kumi.

Siku ya tatu alipanda jukwaani, akakaa mkabala na Twiga, mikono mfukoni. "Bonyeza mwiko mpaka usikie saruji imeacha kukusukuma," alisema. "Isikilize. Ikiwa bado ina maji italia kama karatasi. Ikikauka sana italia kama chupa. Wewe unataka iwe kimya." Twiga akabonyeza, akainamisha kichwa chake kirefu, akasikiliza. Uso wake ukabadilika. "Imenyamaza," alisema. "Hapo hapo," alisema fundi. "Sasa nenda."

Kuanzia hapo wakaenda. Siku tisa, kuanzia ukingoni wakipanda duara kwa duara, mdomo wa mmoja na mikono ya mwingine. Fundi alishangaa kugundua kumbe alikuwa na mengi kichwani. Alishangaa zaidi kuona Twiga anayafanya, na siku ya saba akaona Twiga amefanya jambo moja, kuzungusha kifundo cha mkono mwishoni mwa mvuto ili kusiwe na alama ya kituo, ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifikiria.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Sijui," alisema Twiga. "Imekuja."

Siku ya mwisho, kileleni kabisa, saruji mbichi ilianza kulegea. Kipande cha ukubwa wa sinia kilikuwa kinashuka polepole mbele ya macho yao, na Twiga alikuwa ameelekea kwenye ndoo. Fundi hakufikiri. Mkono wake wa kulia ulitoka mfukoni wenyewe, soksi ikabaki humo ndani, kiganja kikapaa hadi kikabaki upana wa unywele kutoka kwenye ile lipu. Alihisi ubaridi wa saruji ukimpulizia ngozi.

"Fundi! Mkono mfukoni!" Twiga aliunguruma, na neno mfukoni likazunguka kuba zima, mfukoni, mfukoni. Mafundi wote wa chini wakaangua kicheko. Twiga akamruka kwa hatua moja ya miguu yake mirefu, akaweka ubao chini ya kile kipande, akakiegemeza, akasubiri kinyamaze. Kilinyamaza. Fundi alirudisha mkono wake mahali pake.

Siku tano baadaye, majukwaa yaliposhushwa, mkandarasi akawaita. Waliingia wakitazama juu. Kuba lilikuwa jeupe, tupu, halina kona wala mwisho. Jicho lilipanda likitafuta pa kushika, likakosa, likaendelea kupanda. Fundi alisimama upande mmoja karibu na ukuta, Twiga akazunguka hadi upande wa pili, mita kumi na mbili mbali, akawapa mgongo watu na kunong'ona ukutani, kwa sauti ambayo hata aliyesimama nyuma yake hakuisikia.

Fundi aliisikia sikioni, karibu kama pumzi. "Fundi, nenda kwa amani. Nitaweza."

Aligeuka kuona nani kasimama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Ngurumo ndogo ya kicheko cha Twiga ikafuata kwa njia ileile, ikipita juu ya lipu isiyo na hata punje ya kuizuia. Fundi akamnyanyulia soksi moja.

Wiki sita zilipotimia alirudi kule kwa afande, safari hii na binti yake. Yule askari alimtambua kabla hajasema. "Mzee asiye na alama. Kaa."

Akaweka gumba. Mashine ikafikiri. Binti alikuwa kashika ukingo wa meza.

Kijani.

Cha shahada, kijani. Cha kati, kijani. Kidole cha pete cha kushoto kilikataa mara mbili, kikapanguswa, kikakubali. Vyote kumi. Fundi alishusha pumzi ambayo pengine aliibeba kwa siku arobaini na mbili.

"Subiri, bado," alisema askari. "Sasa inakutafuta kwenye kumbukumbu." Kioo cha kompyuta kiliandika namba, zikakimbia, zikasimama. Yule mama akavaa miwani yake, akasoma. Kisha akafanya jambo ambalo bila shaka halikuwa sehemu ya kazi yake: akaigeuza kompyuta iwaelekee wao.

Kulia palikuwa na gumba la leo, kubwa kama sahani, mistari yake ikizunguka na kuzunguka hadi kwenye kitovu kidogo kilichopinda kama ndoano. Kushoto palikuwa na gumba jingine, la wino uliofifia, limepigwa picha kutoka kwenye kadi ya zamani. Chini yake tarehe.

"Ulipoombea kitambulisho," alisema askari. "Ulikuwa na miaka kumi na minane."

Fundi akakumbuka. Ofisi yenye feni mbovu, wino uliokataa kutoka kwa siku mbili. Ilikuwa miezi mitatu kabla hajashika mwiko kwa mara ya kwanza.

"Tazama hapa." Askari alichukua kalamu, akagusa kioo. "Mstari huu unagawanyika mara mbili. Na hapa," akagusa upande wa pili, "unagawanyika palepale. Hiki kijistari kifupi kilichokatika. Hiki hapa. Hii ndoano katikati. Hii." Alienda hivyo, sehemu kumi na mbili, na kila alipogusa kushoto, kulia palijibu. "Zilichorwa ukiwa tumboni mwa mama yako, hujatimiza hata miezi sita. Saruji imezifuta kila siku kwa miaka thelathini na tatu. Na zimerudi hivi. Hazikukosea hata nukta moja."

Nje foleni ililalamika, na hata yule askari aliyezoea hakuwahimiza.

"Na kwa wengine?" binti aliuliza. "Hakuna mwenye kama hizi?"

"Niko hapa mwaka wa ishirini na saba. Mapacha wameingia humu, mama yao mwenyewe hawatofautishi. Vidole vyao haviendani."

Kwenye kona ya ile kadi palikuwa na picha ndogo. Binti akasogea karibu. Kijana mwembamba, nywele nyingi, shingo ndefu, anatazama kamera kama mtu anayetazamia kugombezwa. Alikuwa amemzidi yeye mwaka mmoja tu. Msichana alimtazama yule kijana, akamtazama baba yake, akarudi kwa kijana. "Baba," alisema polepole, "kumbe ulikuwa mtu."

"Mshenzi wewe," alisema fundi, na afande akacheka hadi miwani ikamdondoka kifuani.

Hati ikatoka baada ya wiki moja, na wiki mbili baadaye wakawa ubalozini, wameketi kwenye viti vya plastiki kati ya watu waliobeba bahasha kama walivyobeba wao. Ofisa aliyewaita alikuwa kijana mgeni aliyezungumza Kiswahili cha kujifunza, taratibu, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Aliuliza Sista anafanya kazi wapi. Aliuliza waliagana lini na wameonana mara ngapi. Fundi alijibu yote. Kisha ofisa akamgeukia binti.

"Wewe unataka kusoma nini huko?"

Usiku kucha shangazi yake alikuwa amemfundisha jibu la udaktari. "Bado sijui," alisema msichana. Fundi alifumba macho. Ofisa akatabasamu. "Mimi pia sikujua," alisema, akaandika kitu. "Viza zenu zimekubaliwa. Zote mbili."

Walitoka hadi kwenye ngazi za nje kabla fundi hajaelewa. Alisimama katikati ya ngazi, watu wakimpita kushoto na kulia, akamwuliza binti yake, "Amesema zote mbili?"

"Zote mbili, baba."

"Na wewe umesikia?"

"Nimesikia."

Siku ya kuondoka dada yake hakutaka kwenda uwanja wa ndege. Alisema magoti yanamsumbua. Alisimama mlangoni, akamkumbatia msichana kwa muda mrefu hadi gari likapiga honi, kisha akamshika mdogo wake bega na kumwambia, "Haya, nenda kwa mkeo. Mtoto nimemlea, kazi yangu nimemaliza, mwambie mama yake anitumie risiti." Alicheka mwenyewe, akaingia ndani haraka kabla hawajauona uso wake. Nyumba ilibaki yake. Twiga aliahidi kupita kila Jumamosi kumchotea maji.

Safari ilikuwa ya ndege mbili. Fundi hakulala. Asubuhi walipofika, milango ya kioo ilifunguka yenyewe, na ng'ambo ya kizuizi, kati ya watu waliobeba maua na vibao vya majina, alikuwa Sista. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Chini ya koti zito zilionekana sare za hospitali. Alianza kukimbia. Kisha, hatua tatu kabla hajawafikia, akasimama.

Alikuwa anamtazama binti yake. Kwenye simu kila Jumapili aliona uso tu, mara paji la uso, mara dari, mara sikio. Alimwona kwa mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na minne, akimfikia begani. Sasa alilazimika kuinua kichwa ili kumwona usoni. Alinyanyua mikono yote miwili, akaishika ile sura, akapitisha vidole gumba chini ya macho, juu ya mashavu, kama anayesoma.

"Mama," alisema msichana.

Sista alimgeukia mumewe, machozi yakimshuka bila aibu. "Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini?"

"Kwamba amekuwa hivi!"

Fundi alimtazama binti yake vizuri, labda kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile. "Nilikuwa namwona kila siku," alisema. "Na mimi ndiyo kwanza naona leo."

Wakakaa hapo wakiwa wameshikana, wakiwazibia njia watu wenye mizigo, hadi mfanyakazi mmoja wa uwanja akawaomba kwa ishara wasogee. Sista akapangusa uso kwa mkono wa koti, akashika mpini wa kigari cha mizigo. Nje baridi iliwapokea kwa kofi. Alitangulia kuwaonyesha kituo cha basi, na kila baada ya hatua chache aligeuka nyuma kuwatazama.